Saa ya Mwili na Maumivu Sugu: Kwa Nini Alfajiri Huuma Kuliko Alasiri

 

Juma hili tunaanza na barua. Imetoka kwa msikilizaji wetu mmoja, mama wa pwani ya Kenya, ambaye anafanya kazi ya nyumbani mjini Riyadh na huu ni mwaka wake wa nne. Ametuomba tusimtaje jina. Anasema kwamba kila alfajiri huamka vidole vyake vikiwa vimevimba na kukakamaa, hata hawezi kukamua tambara wala kushika mkono wa birika. Baada ya saa moja au mbili vidole hulegea kidogo kidogo, na ifikapo alasiri huosha masufuria makubwa kana kwamba hakuna lililotokea. Mwenye nyumba humtazama alasiri na kumwambia kuwa asubuhi alikuwa akidekeza mwili. Mwezi wa Ramadhani uliopita hali ilizidi kuwa mbaya. Mama huyu anauliza: je, maumivu yanajua kusoma saa? Au ni mimi niliyeanza kuwa mvivu bila ya kujitambua?

Wasikilizaji wapenzi, jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Na kwa kuwa jibu la kwanza ni ndiyo, la pili huenda likawa jepesi.

Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu sugu ni kitanda cha namna hiyo. Madaktari huyaita sugu maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake maumivu sugu yalipewa nafasi yake yenyewe badala ya kuhesabiwa tu kama dalili ya ugonjwa mwingine. Hata hivyo, maumivu hayaonekani kwa macho, na yanapopanda na kushuka kutwa nzima, mgonjwa hushukiwa kuwa ni mwongo. Kumbe kule kupanda na kushuka ndiko kunakoweza kumsaidia daktari kulitambua tatizo.

Hebu tuanze na saa yenyewe. Mwaka 1729 mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliutia gizani mmea unaofungua majani yake mchana na kuyakunja usiku. Yaaminika ulikuwa wa jamii ya kile tunachokiita kifauongo. Aliona kwamba hata pasipokuwa na jua, majani yaliendelea kufunguka na kukunjika kwa nyakati zilezile. Mmea ule ulikuwa na saa ndani yake. Zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliieleza mitambo ya saa hiyo kwa kuchunguza jeni za inzi wadogo wa matunda, na mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Binadamu naye anayo saa hiyo. Saa kuu imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali zinapopishana neva za macho mawili, nayo ni kishada cha seli zipatazo elfu ishirini. Kila siku saa hii hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni, hasa mwanga wa asubuhi. Chini yake kuna saa ndogo ndogo karibu katika kila kiungo: kwenye ini, kwenye misuli, hata kwenye gegedu linalofunika ncha za mifupa. Saa kuu ni kama muadhini, na saa ndogo ni kama nyumba za mtaa zinazoamka kwa sauti yake. Lakini saa ndogo husikiliza pia wito mwingine, na ulio mkubwa ni wakati wa kula.

Saa hii ndiyo inayopanga joto la mwili, usingizi, na kumiminika kwa homoni. Homoni mbili zinatuhusu leo. Ya kwanza ni kotisoli, ambayo hupanda kuelekea wakati wa kuamka na kushuka hadi kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kotisoli ni dawa ya mwili wenyewe ya kuzima uvimbe. Ya pili ni melatonini, ambayo humiminika usiku gizani na kuutangazia mwili kuwa usiku umeingia. Mwanga mkali wa usiku, ukiwemo ule wa kioo cha simu, huizuia.

Je, maumivu yanaingiaje hapa? Kwa muda mrefu madaktari walijua kwamba maumivu hubadilika kwa saa, lakini ilikuwa vigumu kutenganisha kazi ya saa ya mwili na mambo mengine kama usingizi, mwendo na chakula. Mwaka 2022 watafiti wa mjini Lyon, Ufaransa, walichapisha matokeo ya jaribio la subira kubwa. Waliwaweka wanaume 12 wenye afya katika chumba chenye mwanga hafifu usiobadilika, wakiwa macho na wamekaa vilevile kwa saa 34, wakipewa chakula kidogo kidogo kwa vipindi sawa. Kila baada ya muda walipimwa kwa joto kwenye ngozi ili ijulikane linaumiza kwa kiasi gani. Matokeo yalichora wimbi. Maumivu yalikuwa makali zaidi karibu na saa tisa na nusu usiku, na mepesi zaidi karibu na saa tisa na nusu alasiri. Tukumbuke kuwa walikuwa watu wachache, wanaume watupu, na hawakuwa wagonjwa. Lakini wimbi lile lilionekana wazi, na sehemu kubwa yake ilitokana na saa ya mwili wenyewe, wala si na uchovu wa kukesha peke yake.

Juu ya wimbi hilo la jumla, kila maradhi huongeza wimbi lake. Katika baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huvishambulia viungo, kemikali zinazochochea uvimbe huongezeka usiku na kufikia kilele kuelekea alfajiri, wakati kotisoli ya mgonjwa inashindwa kupanda vya kutosha kuzizima. Ndiyo maana mgonjwa huamka akiwa amekakamaa, kisha hulegea kadiri jua linavyopanda. Maumivu yatokanayo na kulika kwa gegedu, ambayo huwapata watu wengi magotini na nyongani kadiri umri unavyosonga, mara nyingi huenda kinyume: asubuhi kiungo hukakamaa kwa dakika chache tu, kisha uchungu huzidi mchana na jioni baada ya kazi. Maumivu ya neva zilizoharibiwa na kisukari, yale ya miguu kuwaka moto na kuchomachoma, mara nyingi huzidi usiku. Kipandauso hupenda kuanza asubuhi. Na yako maumivu makali mno ya kichwa, ya upande mmoja nyuma ya jicho, ambayo humwamsha mgonjwa saa ileile usiku baada ya usiku, utadhani ametegewa kengele.

Mpaka hapa tumezungumzia saa inayokwenda sawasawa. Sasa tuje Riyadh na Jeddah, kwani hapa ndipo saa hiyo hutiwa majaribuni.

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Jeddah habadilishi saa yake ya mkononi. Saudia na Afrika Mashariki hutumia majira mamoja, na Jeddah na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Riyadh, iliyo mbali zaidi upande wa mashariki, huliona jua takriban nusu saa kabla ya Jeddah, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Kwa hiyo mtu angetarajia kuwa mwili wa mgeni atokaye pwani yetu hautasumbuka. Lakini saa ya jua ni jambo moja, na saa ya watu ni jambo lingine.

Katika miezi ya joto, Riyadh hupita nyuzi 40, na maisha hukimbilia usiku. Sheria yenyewe huzuia kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Maduka hujaa baada ya isha, na familia huteremka ufukweni mwa Jeddah na watoto wao usiku wa manane. Unapoingia mwezi wa Ramadhani, mgeuko huwa mkubwa zaidi. Saa za kazi kwa Waislamu hupunguzwa kisheria hadi sita kwa siku, ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa, na kati ya futari na daku mji huwa macho. Msikilizaji ambaye amekatiza mtaa wa Tahlia, ama ule wa Riyadh ama ule wa Jeddah, saa saba usiku katika Ramadhani, anajua tunachokisema. Ni kana kwamba mji mzima umepanda ndege na kuhamia magharibi ya dunia, pasipo mtu kuondoka nyumbani kwake.

Wanasayansi wa Saudia wameuchunguza mgeuko huu kwa makini. Mjini Riyadh, Profesa Ahmed BaHammam wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud ameandika kwa miaka mingi juu ya usingizi katika Ramadhani, na kuonyesha jinsi watu wanavyochelewa kulala na kuchelewa kuamka. Mjini Jeddah, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz walichapisha mwaka 2013 na 2014 matokeo ya kuwapima damu vijana wachache wenye afya, kabla ya Ramadhani na katikati yake, asubuhi saa tatu na usiku saa tatu. Kabla ya Ramadhani, kotisoli ilikuwa juu asubuhi na chini usiku, kama ilivyo kawaida. Katika Ramadhani, ile ya asubuhi ilishuka na ile ya usiku ikapanda, hata tofauti kati ya asubuhi na usiku ikapotea.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, wasikilizaji wapenzi, ili tusiibebeshe saumu lawama isiyo yake. BaHammam na wenzake walipowachukua watu waliofunga na kuwapangia mwanga, milo na saa za kulala zisizobadilika, saumu peke yake haikuonekana kuisogeza saa ya mwili. Kinachoisogeza ni mkesha, taa, milo mizito ya usiku na kulala mchana. Aidha, uchunguzi wa Jeddah haukupima maumivu. Lakini ukiunganisha mambo mawili, kwamba kotisoli ya asubuhi ndiyo kizimamoto cha uvimbe, na kwamba kizimamoto hicho hudhoofika saa zinapopinduliwa, unaona kuwa malalamiko ya mama wetu wa Riyadh hayana ajabu yoyote.

Lipo na jambo la tatu, nalo ni usingizi wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mtu aliyenyimwa usingizi usiku mmoja tu huhisi maumivu mapema zaidi. Sehemu ya ubongo inayopokea maumivu huchangamka, ilhali sehemu zinazoyapima na kuyatuliza husinzia. Maumivu huvuruga usingizi, na usingizi uliovurugika huzidisha maumivu. Gurudumu hilo likishaanza kuzunguka, halisimami lenyewe.

Na ni nani anayekosa usingizi zaidi katika Ramadhani? Mwenye nyumba anayekesha hadi daku hulala hadi adhuhuri. Lakini anayepika futari, akaosha vyombo, akaandaa daku, kisha akaamka kuwatayarisha watoto, hana mahali pa kuulipia mkesha wake. Kanuni za Saudia za wafanyakazi wa majumbani zilizoanza kutumika mwezi Oktoba mwaka 2024 zinataka kazi isizidi saa 10 kwa siku, na mapumziko yasipungue saa 8 mfululizo. Neno la maana hapo ni mfululizo. Saa mbili baada ya daku na saa tatu baada ya adhuhuri si usingizi mmoja. Kwa mwili wenye maumivu, saa nane za mfululizo ni sehemu ya matibabu.

Je, elimu hii ya saa imezaa tiba? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 1985 daktari Mfaransa, Francis Lévi, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 517 waliokuwa na maumivu ya kulika kwa viungo. Dawa ileile ya kutuliza maumivu iliwaletea wengi madhara zaidi ilipomezwa asubuhi kuliko jioni. Zaidi ya hayo, saa iliyomfaa mgonjwa mmoja haikumfaa mwingine, bali ilitegemea maumivu yake huja lini. Mwaka 2008 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la wagonjwa 288 wa baridi yabisi. Nusu yao walipewa kidonge cha predinisoni kinachomezwa wakati wa kulala, lakini kilichoundwa ili kifunguke tumboni baada ya saa nne hivi, yaani karibu na saa nane usiku, kabla kemikali za uvimbe hazijafika kileleni. Nusu ya pili walimeza dawa hiyohiyo asubuhi kama kawaida. Waliomeza usiku, muda wao wa kukakamaa asubuhi ulipungua kwa zaidi ya asilimia 22. Kwa wale wa asubuhi haukupungua hata kwa asilimia moja.

Hata hivyo, saa si muujiza wa kila dawa. Kwa miaka kadhaa watu waliambiwa kuwa dawa za shinikizo la damu zina nguvu zaidi zikimezwa usiku. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wagonjwa zaidi ya elfu 21 haukuona tofauti yoyote katika kuzuia maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usihamishe saa ya dawa yako kwa kusikia redio. Muulize daktari wako au mfamasia.

Turudi sasa kwa mama yetu wa Riyadh. Mama, hatuwezi kukupima kwa mawimbi ya redio, lakini tunaweza kukuambia mambo matatu.

La kwanza, andika. Chukua daftari dogo, na kwa majuma mawili uandike kila siku umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, vidole vilikakamaa kwa muda gani, na maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya sifuri na kumi asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku. Viungo vidogo vya mikono vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo ikidumu kwa majuma, hiyo ni dalili ambayo daktari hatakiwi kuipuuza. Huenda ikawa baridi yabisi, huenda ikawa kitu kingine, na vipimo ndivyo vitakavyosema. Usingoje hadi mkataba wako uishe. Baridi yabisi ikitibiwa mapema, viungo huweza kuokolewa, na ikiachwa, huvila. Daftari hilo pia litakusemea mbele ya yule anayekuona alasiri tu.

La pili, jitahidi kuwa na nanga moja ya siku isiyohama. Nanga iliyo rahisi ni saa ya kuamka. Ukiamka, toka kwenye mwanga wa jua la asubuhi, japo ni kwenye roshani au uani, kwa dakika kumi au ishirini, kabla joto halijawa kali. Usiku punguza taa na simu. Usingizi mfupi wa mchana unasaidia, lakini ukiwa mrefu huiba usingizi wa usiku. Katika Ramadhani, futuru kwa kiasi na usiache mlo mzito ukaangukia wakati wa kulala. Maji ya uvuguvugu kwa vidole vilivyokakamaa asubuhi, na kuvikunja taratibu, huwapa wengi nafuu.

La tatu linahusu dawa. Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo wengi huvinunua dukani bila ya kuandikiwa, vina hatari vikimezwa tumbo likiwa tupu na mwili ukiwa na upungufu wa maji. Huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Anayefunga, akiruhusiwa na daktari kuvitumia, avimeze pamoja na chakula, na anywe maji ya kutosha usiku. Anayemeza dawa mara kadhaa kwa siku amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ili ratiba ipangwe upya. Na ijulikane kuwa mgonjwa anayedhurika kwa saumu amepewa ruhusa ya kufungua, wala hakuna thawabu katika kuuharibu mwili.

Wako pia wale ambao hawapaswi kungoja daftari wala miadi. Maumivu yanayokuamsha usiku yakiambatana na homa au kukonda bila sababu, mguu au mkono unaopoteza nguvu, au kushindwa kuzuia haja, yote hayo yanataka hospitali siku hiyohiyo.

Wasikilizaji wapenzi, neno letu la mwisho ni kwa wenye nyumba, waume, mabinti na wakubwa wa kazi. Mtu anayelia alfajiri na kucheka alasiri hajawadanganya. Saa yake ya ndani inamwambia ukweli mara mbili kwa siku. Na wewe mama wa Riyadh, uliyejiuliza kama umekuwa mvivu: mvivu huwa mvivu asubuhi na jioni.